Rejeta imepasuka na gari linachemsha mlimani: uanzie wapi?

SWALI: Mtaalamu, nina Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, injini ya 5A, gia otomatiki. Naishi Kisumu na kufundisha karibu na Mbale, kwa hiyo kila siku napanda Riat hadi Kiboswa. Tangu mwezi jana mshale wa joto unapanda nikifika katikati ya mlima. Fundi wa kwanza alitoa themostati (mlango mdogo unaofunguka maji ya injini yakipata moto), akasema kwa joto la Kisumu haina kazi. Wa pili aliona ufa juu ya rejeta, akaupaka gundi ya chuma. Ilishika siku chache tu. Sasa natembea na mtungi wa lita 5 kwenye buti. Wa tatu anasema hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda) imekwenda, nitafute injini nyingine. Je, ninunue rejeta ya mtumba kutoka Japani, mpya, au ndiyo basi nianze kuchanga pesa za injini? Na Jumamosi nina harusi Nakuru. Litafika?

JIBU: Mwalimu, nianze na harusi kwa sababu ina tarehe. Usiende na hilo gari. Kutoka Kisumu, iliyo kwenye mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, tambarare ya Ahero na Awasi itakudanganya kwamba mambo ni shwari, halafu unaanza kupanda. Kericho iko juu ya mita 2,000, na Mau Summit bado iko mbele yako. Kama Riat peke yake inakushinda, huko ni kwenda kuiua injini ambayo huenda bado ni nzima. Na ukisikia mtu anakushauri uzime injini ukiteremka kuelekea Salgaa "ili ipoe", usimsikilize: injini ikizimwa, msaada wa breki huisha baada ya kukanyaga mara chache, na usukani huwa mzito. Mteremko ule umeshazika watu wa kutosha. Panda matatu.

Sasa gari. Mafundi watatu wamekupa majibu matatu, na kila mmoja ameshika kipande chake. Mimi naona hivi: ufa unaouona juu ya rejeta unatosha kabisa kulichemsha gari hata kama hedi ni nzima, na themostati iliyotolewa imeongeza tatizo. Lakini ufa huo huo unaweza kuwa umesababishwa na hedi inayovuja. Kabla hujanunua chochote, lazima tujue ni lipi kati ya hayo mawili. Kupima ni rahisi mno ukilinganisha na bei ya injini.

Ufa mdogo unachemshaje gari lenye maji? Watu wengi hudhani rejeta iliyotoboka inachemsha kwa sababu maji yanaisha. Hiyo ni nusu. Nusu nyingine ni presha. Maji huchemka kwa nyuzi 100 ufukweni Mombasa, lakini kila ukipanda mita 300 hivi, kiwango hicho hushuka kwa nyuzi moja. Kisumu maji yanachemka kwa nyuzi 96 hivi, Nakuru 94, na Timboroa, kwenye zaidi ya mita 2,700, karibu na 91. Ndiyo maana maharagwe huchelewa kuiva Timboroa. Themostati ya injini yako inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82, na feni huanza kuzunguka kwenye nyuzi 93 hivi. Unaona nafasi iliyobaki ni finyu kiasi gani?

Kinachookoa ni kifuniko cha rejeta. Tazama juu yake, kimeandikwa 0.9 au 1.1. Hiyo ni presha, kwa kilo kwa kila sentimita mraba, ambayo springi yake inazuia kabla ya kuachia maji kwenda kwenye kitangi cha akiba. Kifuniko kizima cha 0.9 kinapandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 20 hivi. Kwa hiyo Kisumu, badala ya 96, maji yako hayachemki mpaka karibu 116. Rejeta ikiwa na ufa, au raba ya kifuniko ikiwa imekufa, presha haikai, na unarudi kwenye 96. Barabara ya tambarare inavumilia hilo. Mlima hauvumilii, kwa sababu injini inatoa joto jingi huku gari likienda polepole na upepo wa mbele ni mdogo. Maji yanaanza kuchemka ndani ya hedi, mvuke unasukuma maji mengine nje kupitia ufa, na wewe unaongeza kutoka kwenye mtungi. Kesho tena.

Jambo moja kuhusu mshale. Geji za Toyota za miaka ile zimetengenezwa zitulie katikati hata joto likibadilika kwa nyuzi nyingi, ili dereva asihangaike bure. Ukiona umeanza kusogea, joto lilikuwa limeshapanda kitambo. Jingine baya zaidi: kihisio chake kinapima maji. Maji yakishuka chini yake, kinabaki kwenye mvuke na mshale unaweza hata kurudi chini wakati injini inaungua. Ukiona mshale umeshuka ghafla katikati ya mlima, usimshukuru Mungu bado. Simama.

Twende kwenye vipimo. Vyote vifanywe asubuhi, gari limelala usiku kucha na limepoa kabisa. Kifuniko cha rejeta ya moto hakifunguliwi, hata kwa kitambaa kizito, hata kwa dakika kumi za kusubiri. Maji yaliyo juu ya nyuzi 100 chini ya presha hugeuka mvuke mara kifuniko kinapolegea, na mvuke huo hurukia uso na mikono ya aliyeinama.

Fungua kifuniko, jaza maji mpaka mdomoni, kisha mwambie mtu awashe injini huku wewe ukitazama shingo ya rejeta. Mapovu machache mwanzoni ni hewa tu inayotoka. Ukiona mapovu madogomadogo yanayokuja bila kukoma, kwa mdundo, na yanazidi mtu akikanyaga mafuta, hiyo ni gesi ya silinda inayopenya gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini. Fundi atakwambia pia abonyeze mpira wa juu aone kama unakuwa mgumu ndani ya dakika moja ya kuwasha. Ni kipimo kizuri kwa rejeta nzima, ila kwako hakifai: rejeta yenye ufa haishiki presha, mpira hautakuwa mgumu hata hedi ikiwa imekwenda kweli.

Kisha chomoa kijiti cha oili. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani yake. Tazama na ndani ya kifuniko cha kujazia oili, lakini ukikuta utando mdogo wa krimu pale peke yake usilie: gari linaloendeshwa safari fupi bila themostati halipati moto wa kutosha kukausha unyevu. Moshi mweupe wa asubuhi unaopotea baada ya dakika chache ni mvuke wa kawaida. Unaoendelea kutoka hata injini ikiwa moto, huku maji yakipungua, ndio wa kutia wasiwasi.

Kama baada ya hayo bado una shaka, tafuta gereji yenye vifaa viwili. Cha kwanza ni pampu ya mkono ya kupima presha inayofungwa mahali pa kifuniko. Wanapampu mpaka 0.9 injini ikiwa imezimwa, kisha mnatazama maji yanatokea wapi. Cha pili ni kichupa chenye dawa ya buluu kinachowekwa kwenye shingo ya rejeta, injini ikiwaka. Gesi ya moshi ikiwemo kwenye maji, dawa hugeuka njano. Fundi wako wa tatu, aliyesema hedi imekwenda, muulize kwa upole: aliona nini? Kama jibu ni "gari likichemsha hivi ni hedi tu," basi hajapima. Kumwambia mtu anunue injini kwa kukisia ni kumwonea.

Tuseme hedi imepona vipimo hivyo. Tuje kwenye rejeta yenyewe.

Rejeta za zamani za shaba nyekundu na nyeupe zilichomelewa kwa risasi, na fundi mwenye tochi na mkono mzuri angeweza kuzifufua hata mara tatu. Yako si ya namna hiyo. Katikati ni alumini, juu na chini ni matangi ya plastiki, nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo, yaliyobanwa kwenye alumini kwa meno madogo na raba katikati. Plastiki hiyo ilitoka kiwandani ikiwa nyeusi. Nenda kaitazame karibu na shingo inapoingia mpira wa juu, mahali maji ya moto zaidi yanapopita. Nina hakika utakuta imekuwa kahawia, rangi ya kaki, na pengine ina mistari myembamba kama nywele sambamba na ufa mkubwa. Bonyeza ukingo wake kwa ukucha. Ikibanduka vipande, imekaangika yote. Gundi haikushindwa kwa sababu fundi hajui kazi. Nailoni haishikani vizuri na gundi, tangi linatanuka na kusinyaa kila siku, na hata ukiziba ufa huu, ule wa pembeni unasubiri zamu. Wapo wanaoshona ufa kwa waya na pasi ya kuchomea, na inashika muda zaidi kuliko gundi, lakini hiyo ni ya kukufikisha nyumbani.

Dawa za kumwaga ndani ili kuziba, na binamu zake yai na manjano, naomba uziache. Haziwezi kuchagua tundu. Zinaziba ufa kidogo na kuziba mirija myembamba ya rejeta sana.

Sasa mtumba au mpya? Hapa ninatofautiana na wenzangu wengi, ambao wanaapa kwamba kitu kilichotoka Japani ni bora hata kikiwa kimetumika. Kwa alternata au giaboksi, tunaweza kuzungumza. Kwa rejeta ya 110, fikiria: hiyo ya mtumba imetoka kwenye gari la miaka ileile ya 1990, na plastiki yake imekaa na maji ya moto na jua muda uleule kama yako. Unanunua uzee. Chukua mpya, hata isiyo ya jina kubwa, lakini ishike mkononi kwanza. Angalia mapezi (vibati vyembamba vinavyopitisha upepo) yamenyooka na meno yanayobana tangi yamekaa sawasawa pande zote. Kama kuna mbili zinazoingia gari lako, moja nyembamba na moja nene, chukua nene, wewe ni mtu wa milima.

Na hapa ndipo watu wa otomatiki wanapopotea. Rejeta ya gari la otomatiki ina vitundu viwili vya ziada kwenye tangi la chini, vya mabomba ya kupoza oili ya giaboksi. Ya gia za mkono haina. Kwa nje zinafanana, na muuza spea mwenye haraka atakupa aliyo nayo. Nenda na ya zamani dukani. Fundi asiyejali anaweza kuyaunganisha mabomba hayo mawili kwa mpira na kukwambia mambo yamekaa. Usikubali, utalipa kwa giaboksi. Kabla ya kufunga, tazama oili ya giaboksi: ikiwa ya waridi na yenye povu kama maziwa ya stroberi, kipoza cha ndani ya rejeta ya zamani kimetoboka, maji yameingia kwenye giaboksi, na lazima isafishwe kwanza.

Pamoja na rejeta nunua kifuniko kipya chenye namba ileile iliyoandikwa kwenye cha zamani. Usipandishe kutoka 0.9 kwenda 1.1 ukidhani zaidi ni bora. Nunua na themostati ya nyuzi 82, na mpira wake.

Kuhusu hiyo themostati, fundi wako wa kwanza amerithi mazoea ambayo yameenea kila gereji kuanzia Busia hadi Naivasha. Hoja yao inaonekana ya akili: ondoa kizuizi, maji yapite kwa uhuru. Tatizo ni kwamba kwenye injini hii themostati ina milango miwili. Mmoja unafungulia maji kutoka rejeta. Wa pili, ulio nyuma yake, wakati huohuo unafunga njia ya mkato ambayo maji ya moto hupitia kurudi injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto inazunguka tu ndani ya injini, mlimani ukihitaji kila tone lipite kwenye rejeta. Ukiwa tambarare injini nayo inakuwa baridi kupita kiasi na kula mafuta. Irudishe, na kipini kidogo kinachochezacheza kwenye ukingo wake kikae juu, ndicho kinachotoa hewa.

Rejeta ikiwa imetolewa, usiipoteze nafasi hiyo. Mbele yake kuna kondensa ya kiyoyozi, na katikati ya hizo mbili ndipo uchafu hujificha. Kwa gari la Kisumu linalopita mashamba ya miwa, mimi hutegemea kukuta vijidudu vya ziwa vilivyokauka kama zulia na makapi ya miwa juu yake. Ukitazama kutoka mbele huoni kitu. Osha kwa maji ya mpira wa kawaida kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine ya presha ya waosha magari inalaza mapezi na kuziba zaidi.

Feni nayo ipimwe. Kwenye Corolla nyingi za rika hilo, ukichomoa plagi ya swichi ya joto iliyo karibu na nyumba ya themostati huku ufunguo ukiwa kwenye ON, feni inapaswa kuanza kuzunguka, kwa sababu swichi hiyo hukata umeme joto likipanda. Isipozunguka, angalia fyuzi, rilei, kisha mota. Ikizunguka, weka karatasi ya daftari mbele ya grili: inapaswa kuvutwa. Ikisukumwa, mtu aliwahi kubadilisha mota na kugeuza nyaya, na feni yako inapigana na upepo wa barabara. Mkanda unaozungusha wota pampu usiwe umelegea, na chini ya pampu kusiwe na alama ya maji yaliyokauka.

Kujaza. Mfumo wako unachukua kama lita 5 hadi 6. Changanya kulanti (dawa ya maji ya rejeta) na maji nusu kwa nusu, au nunua iliyochanganywa tayari, ya rangi moja, nyekundu au kijani, usichanganye zote mbili. Maji ya bomba au ya kisima yana chumvi, hasa ya visima vya upande wa Nakuru. Huko kwenu mvua si haba, kinga safi na uchuje. Maji yaliyosafishwa ya betri pia yanafaa, ila soma chupa vizuri, kwa sababu asidi ya betri mara nyingi huuzwa rafu ileile. Egesha gari pua ikiwa juu kidogo, hita kwenye moto wa mwisho, jaza polepole, acha injini iwake kifuniko kikiwa wazi mpaka feni iwake na kuzima. Maji yakishuka, ongeza, halafu funga. Jaza kitangi cha akiba mpaka alama. Kulanti ya zamani usiimwage uani: ni tamu kwa kulamba na ni sumu kwa mbwa na watoto.

Ukianza kupanda Riat tena, zima kitufe cha O/D (gia ya juu kabisa) au weka gia ya 2, injini izunguke zaidi, ndivyo pampu inavyosukuma maji mengi. Mshale ukisogea, zima kiyoyozi, fungua madirisha na uwashe hita yote. Utatokwa jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Ukiona mvuke, egesha na uzime.

Kwa wiki mbili tazama maji kila asubuhi. Yakishuka na chini ya gari hakuna tone, wala miisho ya mipira haina alama, rudi kwenye kile kichupa cha buluu. Kikigeuka njano, hata hapo injini nyingine si jibu la kwanza. Hedi ya 5A ni ya alumini, inafunguliwa. Mwambie fundi aweke rula ya chuma juu yake na apitishe geji ya majani (vibati vyembamba vya kupima mwanya) mbele yako, kwa urefu na kwa mshazari. Uso unaokaa kwenye bloku hautakiwi kupinda zaidi ya milimita 0.05. Ukizidi kidogo unapelekwa kusawazishwa kwa mashine, pamoja na gasketi mpya. Ukiwa na ufa kati ya vali, hapo ndipo tutaanza kuongea habari za hedi nyingine, na bado hatujafika kwenye injini.